Udongo Ndani ya Kabati

Kitabu anachonyimwa mkulima husomwa na mchwa.

Nasikia leo kwenye semina yenu, mliposhauriwa mkabidhi vijitabu vyenu ofisini vikatunzwe, mtu mmoja wa nyuma aliitoa methali hii, wazee wakaangua kicheko na ninyi vijana mkabaki mnatazamana. Sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Haikutoka mbali, na wala haikuanza kwa kicheko. Ilianza hivi, hapa hapa Mvuruto, kwa mwanamke aliyeitwa Nakijwa, mama yake Mkunde.

Nakijwa alilima tangawizi. Alikuwa na matuta kumi na mawili yaliyoshuka mlimani, na mfereji mmoja uliyanywesha yote, tuta baada ya tuta. Hakutia mbolea ya dukani wala dawa ya sumu. Alitia samadi na majani aliyoyaozesha mwenyewe. Kikundi kizima cha wakulima kilikuwa kimekubaliana hivyo, kwa kuwa mnunuzi wao alitaka tangawizi isiyoguswa na dawa, na mmoja akinyunyiza, wote wanafutwa. Mbegu aliachiwa na mama yake, na hakuwa na nyingine.

Mwaka huo shirika moja la kilimo hai lilikiletea kikundi katoni mbili za vitabu vyenye picha na Kiswahili chepesi, pamoja na nafasi moja ya mafunzo mjini. Nafasi hiyo mnadhani ilikwenda kwa nani? Kwa shemeji yake Bwana Senkondo, katibu wa kikundi! Shemeji mwenyewe alikuwa na duka. Hata mchicha hakuwahi kupanda. Alirudi na kofia mpya na mkoba mpya, na alipoulizwa amejifunza nini, alisema wali wa huko ulikuwa na nazi ya kutosha. Mpaka leo nikikumbuka nazi hiyo damu yangu inachemka.

Vitabu navyo Senkondo alivipanga kwenye kabati la ofisi, akalifunga, ufunguo akauvaa shingoni. Siku vilipofika, Nakijwa alikuwa amewahi kukishika kimoja. Alikifungua katikati, akaona picha ya tangawizi yenye majani ya njano na shina lililolegea. Chini yake palichorwa mtu mwenye jembe, amesimama kwenye mfereji. Kabla hajasoma hata neno moja, katibu alikipokonya.

"Mikono yako ina udongo, mama Mkunde," alisema. "Hivi ni vya kuonyesha wageni."

Miezi miwili baadaye majani ya tuta la juu yakaanza kugeuka njano. Nakijwa alishtuka, kwa maana picha ile hakuwa ameisahau. Akaenda ofisini.

"Shikamoo, katibu."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Naomba kile kitabu. Ukurasa mmoja tu, nisome hapa hapa mbele yako. Tangawizi yangu inaumwa."

"Utasoma wageni wakishapita."

"Na tangawizi nayo nikaiambie isubiri wageni?"

Senkondo akacheka, akamwambia akanawe mikono kwanza. Na mama wa watu akaenda kunawa! Alishuka mpaka mtoni, akajisugua kwa sabuni na mchanga, akapanda tena kilima. Alikuta mlango umefungwa.

Afanyeje? Alibaki na kile alichokidokoa kwa jicho siku ile: mtu mwenye jembe kwenye mfereji. Akawaza kwamba majani ya njano ni kiu, na yule mtu anafungulia maji. Akachukua jembe, akauzibua mfereji vizuri, maji yakapita kwenye tuta la juu, yakashuka hadi la mwisho. Wiki tatu baadaye matuta yote kumi na mawili yalikuwa yakinuka uozo. Jirani alimnong'oneza apulize dawa kwa siri. Alikataa, asije akawaponza wenzake. Mbegu ya mama yake ikaozea ardhini, naye akiiona.

Wageni wakaja mwishowe. Wakulima walijaa ofisini, na Nakijwa alisimama karibu na kabati. Mgeni mkubwa, mama mmoja mpole, akauliza kama vitabu vinawafaa.

"Vinatufaa mno," Senkondo alijibu. "Tumevitunza, havina hata doa."

Akavua ufunguo, akafungua kabati kwa madaha. Kwa kweli vilipendeza. Migongo ilikuwa imenyooka safu kwa safu, inang'aa. Akakivuta kimoja. Jalada likamfuata mkononi, na udongo ukamwagika juu ya viatu vyake. Akavuta kingine, ukamwagika tena. Mchwa walikuwa wamepanda kupitia ukutani, wakaingia kwa nyuma ya kabati, wakala kila ukurasa na kuyaacha majalada.

Nakijwa akainama, akapekua lile rundo sakafuni, akaokota kipande cha karatasi kilichosalia, cha ukubwa wa kiganja. Yule mtu mwenye jembe alikuwa yumo. Chini yake palibaki maneno machache, naye akayasoma kwa sauti, taratibu: "Ziba mfereji. Maji ya tuta lenye ugonjwa yasifike kwa lenye afya."

Alirudia kuyasoma. Kisha akamgeukia Senkondo.

"Katibu, mimi nilizibua."

"Mama Mkunde, hii ni bahati mbaya tu, mchwa hawa..."

"Uliniambia mikono yangu ina udongo. Huu uliomo kabatini ni wa mikono ya nani?"

Senkondo akainama kupangusa viatu vyake.

"Mimi nilikuomba ukurasa mmoja ukaninyima," Nakijwa alisema, machozi yakimtoka waziwazi. "Mchwa hawakukuomba, na wamevisoma vyote. Kumbe kitabu anachonyimwa mkulima husomwa na mchwa!"

Wakulima wakalipuka. Ufunguo ulipokonywa mkononi mwa Senkondo hapo hapo, na ukatibu wake ukaishia siku ile. Shirika lilileta vitabu vingine, navyo havikuingia ofisini. Vilitembea nyumba kwa nyumba, vikapakwa masizi na samadi. Wenzake walimchangia Nakijwa mbegu, kila mtu konzi moja, kwa kuwa hakuwaponza. Aliotesha tena. Lakini ile ya mama yake haikurudi.

Ndiyo maana wazee walicheka leo, na kicheko chenyewe kilikuwa kichungu. Basi vijitabu hivyo pelekeni shambani, vikichafuka vichafuke. Na atakayewaambia mikono yenu ina udongo, mjibuni bila haya: kitabu anachonyimwa mkulima husomwa na mchwa.