Visigino vya Kajiru

Arudiaye hatua, simama alipokanyaga. Neno hilo mmelisikia leo mkacheka, kisha mkaja kuniuliza limetoka wapi. Kucheka mmecheka bure, lakini kuuliza mmefanya vyema. Kaeni basi. Methali hii ina mwenyewe, naye alikuwa mwanamke wa Vumbwe, huko milimani Upare, jina lake Nakunda.

Nakunda alikuwa mjane mwenye watoto watatu na shamba moja la maharage, chini kidogo ya ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo walilojenga wazee ili kukusanya maji ya mfereji. Maji hukusanyika usiku kucha, na kukipambazuka kizibo huchomolewa, mwenye zamu akamwagilia. Zamu ya Nakunda ilikuja kila siku ya nane. Mwaka huo mvua ziligoma, na kila zamu yake ilipofika maji yalikuwa pungufu. Mara ya kwanza alililaumu jua. Mara ya pili akaanza kuwachunguza watu.

Macho yake yakatua kwa Kajiru. Huyu alikuwa kiziwi tangu utotoni, hasemi, akiishi peke yake karibu na ndiva. Kila asubuhi alipanda juu ya ukuta wa ndiva, akasimama mahali fulani, akapiga kisigino mara tatu. Akatulia. Akasogea hatua moja, akapiga tena. Kisha akarudi palepale, akarudi tena, mpaka anayemtazama akachoka yeye. Akikutana na watu aliunyooshea ukuta kidole na kutikisa kichwa, nao wakampisha upesi.

Sasa, Vumbwe maiti akishafukiwa, wanaume wa ukoo walikanyaga kaburi kwa visigino, mara tatu tatu, ili udongo ushike. Hawakukanyaga hivyo mahali pengine popote. Nakunda alilikumbuka hilo siku moja akimtazama Kajiru.

"Anayazika maji yetu," alijisemea.

Shaka ikishaingia haikosi chakula. Akaona maboga ya Kajiru, yaliyopandwa chini ya ukuta, yamestawi wakati wa jua kali, ilhali mwenyewe hajaonekana akiyamwagilia. Akaona kwamba siku ya kuamkia zamu yake Kajiru hukawia zaidi ukutani. Alimwogopa na kumchukia kwa pamoja. Akaenda kwa Mzee Mgonja, mgawa maji.

"Baba, mtu asiyesikia anasikiliza nini pale?"

Mzee Mgonja alikuwa mtu asiyependa kukosa jibu. Akatoa amri Kajiru asikanyage tena ukuta wa ndiva. Wiki nzima watu wa nyumba sita za bondeni, chini ya ndiva, wakamfukuza kwa madongoa.

Ikafika zamu ya Nakunda. Usiku mvua ilikuwa imenyesha mbali juu milimani, na ndiva ilijaa hadi ukingoni, jambo ambalo halikuwa limetokea mwaka mzima. Maharage yalikuwa katika maua. Yakikosa maji siku hiyo, basi tena, na watoto hawangekuwa na chakula. Mzee Mgonja alikuwa anainama kuchomoa kizibo, Kajiru akaja mbio.

"Mshike, Baba! Ameleta tena visigino vyake!" Nakunda akapiga kelele.

Kajiru alipiga magoti mbele ya Nakunda, akamvua makubazi, akamvuta mkono mpaka mahali pake pale ukutani. Akapiga kisigino hatua moja kando. Nakunda akaruka. Udongo ulikuwa umetetemeka chini ya nyayo zake. Kajiru akampeleka mahali pengine, akapiga, kimya, pagumu. Akamrudisha palepale, akapiga. Ukatetemeka.

"Baba, vua viatu."

"Nivue nami nionekane mwendawazimu wa tatu?"

"Vua, nakuomba."

Mzee akavua, akasimama. Kajiru akapiga, na uso wa mzee ukabadilika.

"Pana shimo humu," alisema taratibu. "Na maji yamejaa hivi."

"Tuchomoe kizibo basi, yaende shambani."

"Kizibo kitayatoa mpaka adhuhuri, mwanangu. Ukuta hautangoja. Dawa ni kuvunja upande wa korongo, yaende yote."

"Na maharage yangu?"

Mzee Mgonja alinyoosha kidole bondeni. Nakunda aliangalia shamba lake, kisha zile nyumba sita, moshi wa uji ukitoka katika mapaa. Akachukua jembe mwenyewe. Alilia waziwazi huku akichimba, na Kajiru akachimba kando yake, mpaka maji ya zamu yake yakaporomokea korongoni.

Ndiva ilipokauka waliufukua ukuta. Fuko alikuwa ametoboa njia ndani kwa ndani, mkono wa mtu mzima ukiingia mpaka begani, ikatokea kwenye maboga. Kumbe maji ya Nakunda yalikuwa yakipotelea humo, na Kajiru aliufuata mtetemo kwa nyayo kila asubuhi, shimo likizidi kupanuka. Maharage yalikauka. Wenye nyumba sita waliwalisha watoto wa Nakunda msimu ule, kwa aibu zaidi kuliko kwa ukarimu.

Mmoja wao alijitetea, "Lakini mbona hakutuambia?"

"Alituambia kila siku," Nakunda akasema, "nami ndiye niliyesababisha mumpige madongoa. Arudiaye hatua, simama alipokanyaga."