Shimo la Bi Muhanga

Mwaka huo jua liliwaka hadi mto ukabaki mchanga mtupu. Bi Muhanga, mchimbaji hodari lakini macho yake mabovu, alikuwa na watoto waliokauka midomo. Akainamisha pua, akanusa unyevu, akafuata harufu. Maskini, hakuona kwamba ua wa minyaa uliokauka alishauvuka, na sasa yumo shambani kwa Fisi.

Fisi alimwona, tena vizuri sana. Akajilaza kivulini, akapaza sauti: "Kaza msuli, dada! Kuchimba ndiko huko!"

Maji yalipotoka tu, Fisi huyo, mbiombio. "Toka! Hapa ni kwangu."

"Jamani, kaka Fisi! Kibuyu kimoja tu, wanangu wanakufa!"

"Kwani nilikuajiri? Tulipatana? Basi hunidai kitu."

Bi Muhanga alilia kwa uchungu, akaenda kumwita Simba. Simba alikuja kifua mbele, akautazama ua. "Mpaka niliuweka mimi," akasema, "na neno langu silibadili. Ardhi ni ya Fisi."

Sungura, ambaye hajawahi kupitwa na kesi, akakohoa. "Ardhi ni yake, Mzee, hilo halina ubishi. Lakini kaka Fisi, shimo je? Ulichimba wewe?"

"Mimi? Nishike jembe? Nilikuwa nimelala namtazama!"

"Basi shimo ni lake. Unamruhusu alichukue?"

Fisi alicheka hadi akashika mbavu. "Alibebe! Mbele yenu nyote namruhusu. Sijapata kuona mtu akibeba shimo!"

"Dada, umesikia," Sungura akasema. "Chukua shimo lako. Rudisha udongo ulipokuwa."

Bi Muhanga alisita. Si hayo ndiyo maji ya wanawe? Sungura akamgusa kwa kiwiko. Akageuka, akapiga teke moja, kifusi kikaporomoka puu! Maji yakatoweka.

Cheko likamkatikia Fisi kooni. "We! Acha! Mtaniua kwa kiu! Tugawane!"

"Alipokuomba kibuyu kimoja ulisemaje?" Simba akanguruma. "Ardhi ni yako, sijageuka. Ila jasho la mwenzio huli bure. Ingia humo ukazoe kifusi chote. Watoto wake watakunywa kwanza, wewe baadaye, mpaka mvua inyeshe."

Basi Fisi akashinda shimoni, mgongo umepinda, ulimi nje, akizoa udongo, na watoto wa Bi Muhanga wamepanga foleni juu yake na vibuyu vyao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.