Kiungulia cha Fundi Vigae

Ufa mdogo ukutani hauwashtui wengi. Mwenye nyumba huupita akienda na akirudi, hadi siku ukuta unapolala chini. Ndiyo maana wahenga wakatuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi vigae mmoja, hodari wa kazi na mkaidi wa ushauri, aliyajua maneno hayo. Aliwaambia wateja wake kila uchao. Kifua chake mwenyewe hakukiambia.

Mchana alishindilia sahani ya vyakula vya kukaanga, akakaza mkanda, kisha akainama kupanga vigae. Jioni alirudi hoi bin taabani, akala mlima wa chakula na kujitupa kitandani tonge la mwisho likiwa bado shingoni. Kiungulia kilipompanda kama moto wa makumbi, alitafuna vidonge vya dukani kama karanga. Mkewe alipomsihi apunguze, jibu lilikuwa lilelile: "Kitapita."

Alfajiri moja mkewe alimkuta amelala kitini, kiganja kifuani.

"Baba Mapacha, kitanda kimekukosea nini?"

"Mgongo tu, mke wangu."

"Mgongo umehamia kifuani lini?"

Fundi alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. "Naogopa, Mama Mapacha. Baba yangu alishika kifua hivihivi, hakuamka tena. Sitaki kuambiwa ni moyo."

Mkewe hakumkaripia. Alimfunga vifungo vya shati kimoja kimoja, wakaenda hospitali.

Daktari aliukuta moyo mzima. Lakini kipimo kingine kilionyesha vidonda ndani ya koo la chakula. Asidi ya tumbo ilikuwa ikipanda na kulichoma polepole.

"Mzee wangu, ungekuja mapema ungebadili mazoea tu," alisema. "Sasa utameza dawa kwa miezi, na mazoea utabadili vilevile."

Siku hiyohiyo mkewe aliinua upande wa kichwani wa kitanda kwa vipande vya mbao, ili asidi isipande usiku. Asubuhi walijikuta wote wawili wameteremkia miguuni. "Kumbe siku hizi tunalala mlimani!" fundi akasema, wakacheka hadi mapacha wakaamka. Chakula cha jioni kikawa kidogo, tena cha mapema. Mkanda ukalegezwa, kahawa ikapunguzwa. Kazini, baada ya kula, alikata vigae akiwa wima kwanza, kuinama baadaye. Na badala ya kukimbilia kitanda, mume na mke walitembea taratibu hadi mwisho wa mtaa, wakizungumza kama wachumba.

"Nyama ya kukaanga nimeikumbuka," alinung'unika siku moja.

"Nami nakumbuka ulivyolala kitini. Twende."

Hatimaye daktari aliwaambia kwamba vidonda vimepona. Wakiwa njiani kurudi, fundi alimtazama mkewe. "Ungenishika mkono mapema, tusingefika huku."

"Nilikushika, mume wangu. Wewe ndiye uliyekuwa umeshika sahani."

Fundi aliushika mkono wa mkewe, akaukaza. Hakika, usipoziba ufa utajenga ukuta.