Vidole vya Watu Ubavuni mwa Chui

Zamani hizo chui hakuwa na doa hata moja. Ngozi yake ilikuwa ya rangi ya nyasi kavu tangu kichwani hadi mkiani, na alipita mchana kweupe kati ya nyumba za watu kama mkwe aliyezoea ukweni. Kazi yake ilikuwa kulinda mashamba. Nyani wakimwona tu, walirudi mwambani walikotoka, na mahindi yalikaa shambani hadi wenyewe walipoamua kuvuna. Msicheke, ninyi mnaokesha mkipiga madebe.

Watu nao walimjua vizuri. Hata mtoto aliyeanza kutembea juzi alijua kwamba chui akiua hali chini. Huubeba mzoga juu ya mti, akauning'iniza kwenye panda, akanyonyoa manyoya kwanza, ndipo akala. Manyoya yakionekana yametapakaa chini ya mti, watu walisema, "Mwenzetu leo amepata," kisha wakaendelea na shughuli zao.

Mbuzi wa ukoo walichungwa na Mwadime. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, wa kusifiwa kila penye pombe. Katika kundi lake alikuwemo beberu mweusi aliyetengwa kwa ajili ya tambiko la mvua. Huyo hakuliwa, hakuuzwa, wala hakuchapwa fimbo. Mchana mmoja Mwadime alijinyoosha kivulini, usingizi ukampitia, na alipozinduka beberu alikuwa ameteleza gengeni, shingo imevunjika.

Angesema hivyo hivyo. Angegombezwa, yangekwisha. Lakini mtu aliyezoea kusifiwa huona taabu sana kusema, "Nililala." Alimzunguka yule beberu, akamtazama, akaona pia kwamba amenona. Jioni mkewe, Wakesho, aliuliza nyama imetoka wapi.

"Kula, mke wangu, kitapoa," Mwadime akajibu, akafunika chungu.

Asubuhi Mzee Mwandoe, mkuu wa ukoo, alipouliza habari za beberu, Mwadime alisikia kinywa chake kikisema, "Chui." Hakuwa amepanga kusema hivyo. Neno lilitoka, na lilipotoka watu walilidaka.

Sasa, kulikuwa na desturi. Mwizi hakupigwa. Alisimamishwa uwanjani, na kila mwenye nyumba alikusanya ncha za vidole vyake, akazichovya kwenye masizi yaliyokorogwa na utomvu wa mti, akambandika mwilini. Mwizi akishakiri, wale wale waliompaka walimwosha kwa maji ya moto kabla jua halijazama, kwa sababu masizi hayo yakizamiwa na jua hayatoki tena. Desturi ilimfaa mwizi. Haikuwa imemfikiria asiyeiba.

Chui aliitwa, akaja, akasimama katikati.

"Umemla beberu wetu?" Mzee Mwandoe akamuuliza.

"Sikumla, mzee."

Watu wakaguna. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho kuitazama miti, kuona kama kuna mzoga kwenye panda yoyote, kuona kama kuna manyoya chini. Hilo ndilo linalotutia aibu sisi wajukuu wao. Walijua, wote walijua jinsi chui anavyokula. Ila Mwadime alikuwa wao na chui alikuwa wa porini, basi wakaona heri iwe hivyo.

Wakachovya, wakabandika. Mwadime alikuwa wa mwisho, akachovya mara mbili hadi masizi yakamdondokea miguuni. Chui alimtazama, akasema taratibu, "Mwadime, wewe unajua." Mwadime akabandika vidole vyake ubavuni, akahisi moyo wa chui ukipiga chini yavyo.

Kutwa nzima chui alisimama pale, akingoja mtu aseme neno. Mwadime alishinda nyuma ya zizi. Alipiga moyo konde akaenda uwanjani, akakuta watu wanacheka, akacheka nao, akarudi. Alijiambia atasema wakitawanyika. Walipotawanyika alijiambia atasema wakirudi.

Jua lilipoanza kushuka, Wakesho alizikuta pembe nyeusi nyuma ya mafiga. Aliziweka miguuni pa mumewe, akaenda kubandika maji ya moto.

Hapo ndipo Mwadime alipokimbia hadi uwanjani, kibuyu cha maji mkononi, akasema yote mbele ya wote. Watu walikimbilia maji, wakagongana, lakini jua lilikuwa limekwisha kuzama. Walisugua, hakikutoka kitu. Chui hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Aliutazama mwili wake, akawatazama watu aliowalindia mashamba, kisha akainamisha macho kwa kuwaonea haya, akaondoka kuelekea porini.

"Ndugu yangu, rudi nikuoshe!" Mwadime alimfuata akiita. "Rudi, nimekosa mimi!" Aliita hadi maji yakapoa kibuyuni. Asubuhi iliyofuata nyani walikuwa katikati ya mahindi.

Na tangu siku hiyo chui hutembea peke yake gizani, wala hasemi na mtu. Yatazameni madoa yake siku mkijaliwa kumwona: yamekaa makundi makundi, kila kundi ni ncha za vidole vya mtu mmoja, na katikati pamebaki wazi. Sisi tukikutana naye njiani huangalia chini, tukampisha. Na mbuzi akipotea, hakuna anayeshika mkuki kabla hatujainua macho mitini, na kabla kila nyumba haijafunua chungu chake. Nyumba ya akina Mwadime ndiyo hufunua kwanza. Hakuna anayewaambia. Hufunua wenyewe, wakasimama kando ya chungu, wakatazama pembeni hadi sote tumalize kuchungulia.