La Mtani Lizikwe na Maiti

La mtani lizikwe na maiti. Mlimsikia shangazi yenu akilisema jana msibani, alipomnyang'anya Shomari simu asimrekodi yule bibi aliyekuwa akimkejeli marehemu. Sasa mnaniuliza kwa nini alikasirika wakati kila mtu anacheka. Methali hii ilianza hivi, kama nilivyosimuliwa na mwenyewe aliyeitamka, nilipopita milima ya Uluguru nikinunua ndizi.

Kule kijijini kila ukoo ulikuwa na ukoo wa watani wake. Mtu akifa, watani ndio waliochimba kaburi, na ndio walioruhusiwa kumtukana. Wenye msiba wakizidiwa na kilio, mtani atavaa koti la marehemu, ataiga mwendo wake, atamsingizia kila ovu, mpaka aliyekuwa akilia ajikute anacheka. Hakuna wa kukasirika. Matanga yakishaanuliwa, maneno yale hayarudiwi tena.

Hapo alikaa mtafiti wa mila, Bwana Ruganzila, mtu wa Bukoba. Alikuwa mtu mwema, hilo msilisahau. Hakuja na gari akauliza maswali akaondoka. Alipanga chumba, akalima, akabeba majeneza, akajifunza lugha mpaka akawa anatukanwa kama mwenyeji. Mzee Dimoso alipofariki, aliwaomba wazee ruhusa ya kuandika mambo ya msiba ule. Wakamruhusu.

Mtani siku hiyo alikuwa Bi Sikudhani Mloka. Aliteremka kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akapiga kelele:

"Dimoso simtaki humu! Mchawi huyu! Yeye na dada yake Zalia wamekula watoto wa watu mpaka meno yamewaisha, leo ananiletea njaa yake mimi!"

Bi Zalia, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameinua uso, alicheka mpaka kitenge kikamwanguka. "Toka humo, kibogoyo mwenzangu! Watakufukia wewe kwa makosa!"

Miaka ikapita, kitabu kikatoka, kwa Kiswahili kizuri. Ruganzila aliueleza utani sawasawa, sura nzima. Majina ya watu aliyaacha yalivyo, maana aliona kuyaficha ni kuwanyima heshima ya mambo yao wenyewe. Nakala moja akaipeleka shule ya bondeni.

Basi bondeni walikuwa wamehamia watu wa kwingine, wasio na utani na watu wa mlimani. Mwalimu aliwasomea watoto kipande kinachochekesha. Watoto wakapeleka nyumbani jina. Ile sura nzima hawakuibeba. Mwaka ule surua ikaua watoto bondeni. Wazazi wenye uchungu wakakumbuka kwamba yuko Zalia, mla watoto, na kitabuni ameandikwa. Wakapanda mlima, wakaichoma nyumba yake. Majirani walimtoa kwa mlango wa uani, akapelekwa kwa mwanawe, Handeni.

Ruganzila alipopata habari alikuja mbio. Alimkuta Bi Sikudhani uani, anapepeta mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuuandika na huo moto?"

"Bibi, mle ndani nilieleza kuwa ni utani. Na ruhusa niliomba."

"Uliomba kuandika, tukakuruhusu. Kuondoka na maneno yetu hukuomba. Mimi nilimwita Zalia mchawi mbele ya watu wanaojua nampenda. Wewe umemwita hivyo mbele ya nani?"

Ruganzila akatazama chini. "Vitabu nitavikusanya vyote."

"Kusanya. Na waliokwisha kusikia, utawatia gunia gani?"

Alijaribu, maskini. Alizunguka bondeni nyumba kwa nyumba. Walimpa kiti, walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamuuliza: "Kama si kweli, mbona uliandika?"

Bi Zalia alikuwa akituma salamu kuuliza kama anaweza kurudi, azikwe kwao na watani wake. Wazee, kwa kuhofia usalama wake, wakamjibu asubiri kidogo. Akasubiri. Akafia huko huko.

Bi Sikudhani alifika Handeni watu wamekwisha kuzika. Wenyeji walikuwa bado wamekaa, wanamtaja marehemu kwa wema, kwa sauti za chini. Akasimama kando ya kaburi, akajishika kiuno, akafungua kinywa amtukane. Halafu akazitazama nyuso zile. Ukimtoa mwanawe Zalia, hakuna hata mmoja aliyejua yeye ni nani kwa marehemu. Akakifunga kinywa.

"Mama, una neno la kusema juu ya marehemu?" mmoja akamuuliza.

"Sina. Nilishasema, siku ya kaka yake, nalo halikufukiwa. Likabaki juu ya ardhi likimtafuta huyu." Akachota udongo kwa mkono, akauweka juu ya kaburi taratibu.

"La mtani, wanangu, lizikwe na maiti."