Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Kijaluba

Kabla ya kisa, niseme kosa langu, maana Mungu analijua na miye sitaki kulificha. Nilipokuwa nikifanya kazi redio ya umma, kanda mpya zilikuwa adimu. Siku moja niliambiwa nirekodi tangazo la mbuzi jike aliyepotea. Nikachukua kanda iliyokuwa karibu na mkono wangu, wala sikuisikiliza, nikarekodi juu yake. Na mbuzi mwenyewe alikuwa ameshaonekana tangu asubuhi. Astaghfirullah. Kanda ile ikarudishwa stoo, ikakaa miaka thelathini na mbili.

Sasa nisikilizeni. Redioni pale palikuwa na watu watatu.

Bi Kazija, mtangazaji wa saa ya taarabu ya kale, alijaliwa kukumbuka. Wimbo aliousikia mara moja utotoni haukumtoka kichwani, na maneno yake yote.

Hamdu, fundi mitambo, alijaliwa mikono. Kanda iliyoota ukungu, iliyonata kama halua, aliipangusa kwa pamba na spiriti, akaipasha moto mdogo katika tanuri la keki la mkewe, na ikasema tena.

Maalim Ngwali alijaliwa vidole. Ndiye mpigaji kanuni wa mwisho mjini, chombo kile cha nyuzi sabini na zaidi kinacholazwa mapajani. Kukitia sauti tu ni kazi ya asubuhi nzima.

Na watatu hawa, niwaambie kweli, hawakupatana hata kwa salamu.

"Wewe unapiga soga juu ya muziki," Hamdu alimwambia Bi Kazija. "Nyamaza kidogo, watu wasikie kanda."

"Na wewe unafukua makaburi," Maalim Ngwali akamwambia Hamdu. "Muziki unapigwa na mtu hai. Niletee wanafunzi, uache kuoka kanda."

"Wanafunzi gani?" Bi Kazija akacheka kwa pua. "Wa mwisho ulimpiga fimbo ya vidole, akenda kuuza viatu."

Basi akaja mkurugenzi mpya, Bwana Makungu. Akawaita ofisini, hakuwakaribisha kukaa.

"Kipindi chenu wanasikiliza wagonjwa na paka wao," alisema. "Saa kumi ya alasiri nawapa watu wa mpira. Labda mnionyeshe kitu kisichopatikana kokote, hata kwenye simu ya mjukuu wangu. Jumapili bodi watakuja kusikiliza. Mkishindwa, ndiyo basi."

Bi Kazija alitoka ofisini. Mume hakuwa naye, watoto hakujaliwa. Wiki yake nzima ilikuwa safari ya kuifikia saa ile moja, na sasa ilikuwa mikononi mwa watu wawili asiowapenda. Akameza maneno yake, akamfuata Hamdu stoo.

"Upo wimbo wa kijaluba," alimwambia. "Beti sita. Mwanamke analaumu kijaluba chake cha fedha, kile kikopo cha kutilia tambuu, kimerudishwa kitupu. Nilikuwa na miaka tisa, kikundi kikifanya mazoezi nyumba ya pili. Kanda yake ilikuwa moja tu, ya redio hii."

Hamdu aliitafuta siku tatu. Akaipata, akaioka. "Imechakaa mno," alisema. "Itaimba mara moja. Nikiijaribu leo, Jumapili itakuwa vumbi."

Jumapili saa kumi, kipindi kikiwa hewani, wajumbe wa bodi wakakaa nyuma ya kioo. Maalim Ngwali alikuwa studio na kanuni yake mapajani, kwa kuwa aliahidiwa dakika tano za mwisho. Hamdu akaiachia kanda. Fidla zikalia, ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mjumbe mmoja akavua miwani.

Kisha ikatoka sauti ya mwanamume: "Amepotea mbuzi jike, mweusi, sikio la kushoto limekatwa..."

Ilikuwa sauti yangu.

Bwana Makungu akaangua kicheko. Hamdu akaizima sauti ile, lakini kanda akaiacha izunguke, na macho yake hayakutoka kwenye mkanda.

Maalim Ngwali hakumtazama mtu. Vidole vyake vikaushika wimbo palepale ulipokatika, katika mwendo uleule, kama vile kikundi kizima kimo chumbani.

Bi Kazija akaivuta maikrofoni. Si mwimbaji, sauti yake ni ya kukwaruza, lakini ubeti wa tatu alikuwa nao, mshororo kwa mshororo, ambao hakuna mwengine duniani aliyebaki nao. Akauimba mpaka neno la mwisho. Hamdu akapandisha sauti ya kanda, na ubeti wa nne ukaingia bila kugongana.

Simu zilipigwa mpaka magharibi. Bodi wakasema saa ile haiguswi.

Mngedhani watakumbatiana. Wapi! Hawajatoka mlangoni, Hamdu ameshasema, "Bila mikono yangu mngeimba nini?" Ngwali akasema, "Bila miye mngemtangaza mbuzi." Bi Kazija akasema, "Na ubeti mngeutoa wapi, tanurini?"

Bwana Makungu akachoka nao. "Watatu hamkai chumba kimoja. Nachagua mmoja, saa iwe yake aiongoze atakavyo. Wawili waende nyumbani."

Akipewa Hamdu, tutasikia kanda za kale kama zilivyo, mpaka ziishe. Akipewa Ngwali, tutasikia wanafunzi wakikosea, pengine siku moja wapatie. Akipewa Bi Kazija, yaliyomo kichwani mwake yatasemwa kabla hajafa nayo, lakini nani atayapiga?

Mkurugenzi amenitumia salamu nimshauri, kwa kuwa mimi ni mstaafu wa pale. Nitamshauri kwa uso gani, na tundu lile nililitoboa mwenyewe? Nimeswali, nimeomba, sijapata jibu. Bi Kazija tangu siku ile hali chakula vizuri, anangoja.

Je, ungekuwa wewe, saa ile ungemkabidhi nani?

Na jambo moja nakuomba. Kama ndani kwenu mna kanda ya zamani, usirekodi juu yake kabla hujaisikiliza mpaka mwisho.