Neno Lililodondoka Kibuyuni

Ngano naileta, masikio yaleteni!

Palikuwa na mganga, Bi Riziki, aliyetengeneza vibuyu vinavyosema. Kila nyumba aliipa kimoja, nacho kilijua ugonjwa na dawa za watu wa nyumba ile. Vyote vilifunguka kwa neno moja la siri. Lakini Riziki, ili kujirahisishia kazi, alilinong'ona neno lenyewe ndani ya kila kibuyu.

Zimwi likaiba kimoja. Likakitikisa, kimya. Likakitikisa, kimya. Likakitikisa, neno likadondoka!

Habari zilipomfikia Riziki, alipiga kelele: "Litaviuliza vibuyu vyote nani hawezi kukimbia, limle!" Akaenda mbio nyumba kwa nyumba, akifuta neno lile na kumtaka kila mwenye nyumba achague lake na kulihifadhi moyoni.

Alikuwa kwa Bi Mwanatumu, kikongwe asiyeweza kusimama, zimwi lilipofika dirishani. Likatamka neno la zamani, kibuyu kimya. Likalirudia, kimya. Kisha likaiga sauti ya Riziki: "Bibi, neno lako jipya lipi? Nimelisahau."

Kikongwe akamtazama Riziki aliyekuwa kando yake, akafumba mdomo mpaka vishindo vya zimwi vikapotea.

"Bibi," Riziki akanong'ona, "kwani ulichagua neno gani?"

"Hata wewe sikwambii."

Ngano imeishia hapo. Asiyeamini akamuulize kikongwe.